Usukani wa Ughaibuni

Sisi tunaoishi Kehancha tuna jamaa walioko Muscat na Jeddah, na miongoni mwao wamo dada zetu wanaoyapenda magari kuliko waume zao wanavyodhani. Saudia iliwafungulia wanawake njia tarehe 24 Juni 2018. Tangu hapo, salamu haziishi bila habari za usukani.

Huko usukani uko kushoto na gari hupita kulia. Kwetu ni kinyume, na hata ukivuka mpaka wa Isebania kuingia Sirari, Tanzania, mkono ni ule ule. Tena Kenya huagiza gari lililotumika liwe na usukani wa kulia na umri usiozidi miaka 8. Basi kipenzi cha Muscat hubaki Muscat.

Mgeni hakosei penye msongamano, kwani huwafuata wenziwe. Hatari ni alfajiri, atokapo kituo cha mafuta na barabara ni tupu: mkono humrejesha kulia alikozoea. Heri siku za mwanzo aketi kando ya mwenyeji.

Na watoto waliolelewa huko, wavukapo barabara, hutazama kushoto kwanza. Hapa gari la karibu hutokea kulia.