Darasa la Kiingereza ni bure, tangazo liko kwa Kiingereza: Maktaba za Marekani zinavyowatafuta wazungumzaji wa Kihispania

Kwa Kihispania, librería ni duka la vitabu. Maktaba inaitwa biblioteca. Sasa mtu aliyefika Los Angeles akitokea Mexico anaona jengo limeandikwa Library, na kinachomjia kichwani ni duka. Hana mpango wa kununua kitabu, anapita zake.

(Waswahili wasicheke sana. Neno letu maktaba tumelitoa Kiarabu, na huko linatumika kwa yote mawili, maktaba na duka la vitabu.)

Kumbe ndani ya jengo lile kuna madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima, vikundi vya kufanya mazungumzo, walimu wa kujitolea wanaokaa na mwanafunzi mmoja mmoja, na msaada wa kujiandaa na mtihani wa uraia. Yote bure.

Na si huduma mpya. Maktaba ya Queens, New York, ilianzisha mpango wake wa wageni mwaka 1977. California ilianza kufundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia maktaba za umma mwaka 1984.

Shida ni nini basi?

Tangazo. Kipeperushi cha darasa la Kiingereza kikiandikwa kwa Kiingereza, anayekielewa vizuri ni yule asiyehitaji darasa.

Zaidi ya watu milioni 40 nchini Marekani wanaongea Kihispania nyumbani. Wengi wao Kiingereza wanakijua vizuri tu. Wanaotafutwa ni wale wengine: mpishi anayeingia kazini alfajiri, mama anayepokea barua kutoka shule ya mtoto akasubiri mtoto huyohuyo arudi amsomee.

Kwa anayetaka uraia, jambo hili ni zito. Katika usaili, afisa humpa hadi sentensi tatu za Kiingereza asome kwa sauti, na lazima apatie angalau moja. Kuandika ni hivyohivyo. Wazee waliokaa na kibali cha kudumu miaka mingi wanaweza kusamehewa sehemu ya Kiingereza, lakini kijana wa miaka 30 hana njia ya mkato.

Kutafsiri peke yake hakutoshi

Maktaba nyingi hudhani zimemaliza kazi zikichapisha kipeperushi cha Kihispania na kukiweka mezani, ndani ya maktaba. Yaani kinamsubiri mtu ambaye haingii humo.

Halafu kuna wasiosoma vizuri hata Kihispania, kwa sababu waliacha shule mapema. Wengine waliotoka Guatemala lugha yao ya kwanza ni Mam au K'iche', na Kihispania chenyewe walijifunza ukubwani. Kwa hawa karatasi yenye maandishi mengi ni ukuta mwingine.

Ndiyo maana wakutubi wenye uzoefu huifuata jamii kule iliko: kanisani baada ya misa ya Kihispania, kwenye duka la vyakula vya nyumbani, kwenye sehemu za kufulia nguo kwa mashine za kulipia (mtu anakaa pale akisubiri, ana muda wa kusikiliza), na kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Redio ya Kihispania inasaidia. WhatsApp inasaidia zaidi, hasa ujumbe wa sauti ambao mtu anautuma kwa shemeji yake, shemeji anautuma kwa wenzake kazini.

Mbinu hii ina umri wa karibu miaka 100. Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico, aliajiriwa na Maktaba ya Umma ya New York mwaka 1921. Mwaka 1929 alihamia tawi la mtaa wa 115, ambako Wapuerto Rico walikuwa wanaongezeka. Hakukaa nyuma ya meza. Alitembelea makanisa na vyama vya mtaa, akasimulia hadithi kwa Kihispania na Kiingereza, na sikukuu ya Wafalme Watatu, ambayo watu waliizoea nyumbani kwao, ikasherehekewa maktaba. Watoto waliingia, wazazi wakawafuata.

Hofu nayo ipo

Januari 2025, serikali ya Marekani ilifuta mwongozo uliowabana maafisa wa uhamiaji wasikamate watu shuleni, makanisani na hospitalini. Tangu hapo, kumwambia mhamiaji aende kwenye jengo la umma akaandike jina lake si jambo dogo.

Kwa hiyo mstari muhimu kwenye tangazo huenda usiwe hata ule wa "bure". Ni ule unaosema hatuulizi habari za uhamiaji, kama kweli tawi hilo haliulizi. Majimbo 48 yana sheria zinazolinda siri za rekodi za wasomaji wa maktaba, lakini sheria hiyo haimtulizi mtu ambaye hajawahi kuisikia. Anayemtuliza ni mtu anayemfahamu, aliyekwenda darasani akarudi salama.

Upande wa hela, mambo yaligongana. Machi 1, 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya nchi. Wiki mbili baadaye akasaini nyingine ya kuipunguza hadi kiwango cha chini kabisa taasisi ya shirikisho inayotoa ruzuku kwa maktaba na makumbusho. Watu wakaambiwa kimsingi wajue Kiingereza, huku mfuko unaosaidia wanakojifunzia ukifungwa.

Majimbo 21 yalikwenda mahakamani. Mei mwaka huo jaji wa Rhode Island alisimamisha hatua hiyo kwa muda, na Novemba akaamua kuwa ilikuwa kinyume cha sheria.

Tangazo likifanya kazi

Hapo linakuja tatizo jingine: foleni. Walimu wa kujitolea hawatoshi, na darasa la jioni, ambalo wafanyakazi wanalihitaji, ndilo linalojaa mapema. Mtu aliyejipa moyo akaja, akiambiwa asubiri miezi, anaweza asirudi tena. Tawi lililojipanga humpa kitu cha kuanzia siku hiyohiyo: kadi ya maktaba, nafasi kwenye kikundi cha mazungumzo, au tovuti ya bure ya USA Learns, ambayo ina maelekezo ya Kihispania na inafunguka kwenye simu.

Madarasa haya si ya Walatino peke yao. Wakongomani wanaoongea Kiswahili, ambao wamepokelewa Marekani kama wakimbizi kwa maelfu, wanaruhusiwa pia. Mwenye ndugu kule anaweza kumwambia aende tawi la karibu na aulize herufi tatu tu: ESL.