Pembe za Ituri, milango ya Shangani

Kazi yangu ni kuta. Hapa Bunia, mkoani Ituri, nafundisha vijana ujenzi, na nikifika mji wa watu kitu cha kwanza ninachotazama ni upana wa vyumba. Chumba cha kwanza nilichoingia Mji Mkongwe wa Unguja nilikipima kwa hatua: kumi na moja kwa urefu, nne kwa upana. Cha pili, vilevile. Nikapanda ghorofani, vilevile. Nyumba ni ya tajiri, ukuta mnene kuliko urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, dari iko juu mno, halafu chumba chembamba kama behewa la treni. Mwenye fedha zote zile alikosa nini hata ajinyime nafasi?

Jibu liko juu ya kichwa. Dari imelazwa juu ya boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa kwenye maji ya chumvi ya pwani. Mkoko ni mgumu, mchwa hawaupendi, lakini hauendi mbali: ukitaka mti ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba sakafu ya mawe, utapata kama mita 3, na hapo umefika mwisho. Basi chumba nacho kinaishia hapo. Tajiri aliweza kurefusha nyumba yake atakavyo na kuongeza ghorofa juu ya ghorofa, ila upana alipangiwa na mti. Ukishalijua hilo, unaingia nyumba yoyote ya kale kuanzia Lamu hadi Kilwa na unaisoma kama aliyepewa ufunguo.

Wanafunzi wangu hunionyesha kwenye simu picha za Valletta, mji wa kale wa kisiwa cha Malta, kule bahari ya Mediterania, na kuniuliza kama nitawahi kwenda kuuona. Ni mji mzuri, sibishi. Ulianzishwa mwaka 1566, baada ya Waturuki kukizingira kisiwa na kushindwa, na aliyeupanga, Mtaliano Francesco Laparelli, alichora mitaa kwanza ndipo nyumba zikafuata: mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, upepo wa bahari upite toka upande hadi upande. Jiwe lao linakatwa likiwa laini, kisha linakomaa hewani.

Mji Mkongwe haukuchorwa na mtu. Kila mmoja alianza na nyumba yake, na njia ikawa ile nafasi iliyobaki baina ya jirani na jirani. Ndiyo maana vichochoro vinapinda, vinabana, vinakutoa uwanjani usikotazamia. Mgeni hulalamika kwamba anapotea. Asubiri saa saba mchana: jua la Unguja linawaka juu ya mapaa na yeye chini anatembea kivulini tangu Malindi hadi Mkunazini.

Ukuta wenyewe ni matumbawe, jiwe lililojengwa na viumbe wa baharini, limejaa vitundu kama mkate. Kinacholishika ni chokaa, na chokaa nayo ni tumbawe lilelile, limechomwa juu ya lundo la magogo hadi likawa unga mweupe. Ukuta wa namna hii unapumua. Unyevu unaingia, unyevu unatoka. Tabu inaanza fundi anapokuja na mfuko wa simenti. Simenti inakauka upesi, inapendeza, na inaziba pumzi ya ukuta. Maji na chumvi vinabaki ndani, na baada ya misimu michache plasta inavimba na kubanduka mapande kwa mapande. Nimeona ukuta wa zaidi ya miaka 100 ukioza nyuma ya plasta mpya. Niliumia kana kwamba niliujenga mimi.

Adui mwingine ni paa. Nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa na paa bapa la mawe na chokaa, ndipo baadaye yakaja mabati, haya haya tunayoezekea Bunia. Bati likitoboka, maji hushuka ndani ya ukuta na kuzifikia ncha za boriti, mahali pasipoonekana. Boriti inaoza kimya. Chumba kinaonekana kizima mpaka siku kinapoanguka.

Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lenye nguzo ndefu za chuma zinazotazama bahari, lilikuwa la kwanza Unguja kuwashwa umeme. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka na watu 2 wakafa. Mji uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa.

Sasa milango. Utaambiwa uipige picha, na utaipiga, lakini kwanza simama. Tazama mwimo, ule ubao wa pembeni uliochongwa mawimbi na samaki. Tazama mfaa, ubao wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili. Mlango wenye mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, waongoza watalii watakuambia ni alama ya mfanyabiashara wa watumwa. Mimi hadithi hiyo naipokea kwa mkono mmoja. Wengine wanasema mnyororo ni wa kuilinda nyumba tu, na nyumba zilizouchonga ni nyingi mno. Misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka ndiyo inayonichekesha. Asili yake ni India, ambako inasemekana iliwekwa ili tembo wa vita wasivunje lango kwa kichwa. Unguja hakuna tembo wa kuvunja mlango. Tembo aliyefika mtaa wa Shangani alifika akiwa meno.

Na meno hayo mengine yalitoka kwetu.

Shangani kuna nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja, akafia Unguja mwaka 1905, na katikati ya hapo akaijua Maniema ya Kongo kuliko alivyoyajua mashamba yake ya karafuu. Fedha za misafara alikopeshwa na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi ambaye aliwahi kushika pia ushuru wa forodha ya Sultani. Ukitembea ufukweni kuelekea bandarini utaliona jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizonakshiwa kama lesi: ndilo alilolianzisha Tharia Topan mwaka 1887 liwe hospitali, na watu bado wanaliita Zahanati ya Kale. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Tippu Tip alipanda meli moja na Stanley, mvumbuzi wa Kizungu, kutoka Unguja, wakazunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo. Stanley akaupanda mto Aruwimi, ambao huku juu ndio Ituri wetu, na ndani ya msitu akakuta watu wa Unguja wamemtangulia: Ugarrowwa na kambi yake, kisha Kilonga-Longa pale Ipoto. Walikuwa wakitafuta pembe.

Jinsi walivyozipata haipendezi kusimulia, lakini atakayesifu milango bila kulitaja hilo atakuwa amesoma nusu ya ukuta. Kijiji kilivamiwa, wanawake na watoto wakashikwa, na waliokimbilia porini wakaambiwa waje kuwakomboa kwa pembe. Pembe zikabebwa mabegani hadi Maniema, zikavuka Tanganyika kwenda Ujiji, zikapita Tabora, zikashuka Bagamoyo, zikavushwa Unguja. Kutoka hapo nyingi zilipelekwa Marekani, jimbo la Connecticut, zikakatwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye vinanda. Kilichobaki Unguja ni faida, na faida ile ndiyo chokaa, ndiyo roshani, ndiyo misumari ya shaba.

Kilichobaki kwetu ni lugha. Msafara ulihitaji kusemezana, na Kiswahili kikashika njia za msitu kabla ya Mbelgiji kufika na bendera yake. Hadi leo ukienda upande wa Irumu na Mambasa utakutana na Waislamu wanaoitwa Wangwana, jina lililokuja na misafara ile. Kwa hiyo mtu wa Ituri akishuka Unguja hafiki kama Mzungu afikavyo. Atachekwa kidogo, ajiandae. Niliagiza maji kwenye kona ya kahawa, pale wanapoita Jaws Corner, nikasema, "Mzee, niko na kiu." Wazee wa barazani wakageuka wote. "Nina kiu, mwanangu," mmoja akanisahihisha, akaninunulia kahawa. Na shikamoo usiisahau. Sisi Bunia tunaamkia kwa "jambo" na mkono. Kule utamwacha mzee mkono hewani akisubiri neno lake.

Kuhusu safari nitasema machache. Wengi wetu hupita Mahagi kuingia Uganda, kisha Kampala na mabasi ya Dar es Salaam; ulizia hali ya barabara siku ileile unayoondoka, maana ya jana haisaidii. Chukua kadi ya chanjo ya homa ya manjano, Tanzania inaidai kwa anayetoka Kongo. Toka Dar, boti ni kama saa mbili. Ukifika, amka mapema utembee kabla maduka hayajafunguliwa, milango ikiwa imefungwa, maana mlango wa kuchonga ukifunguliwa nusu ya nakshi inajificha. Usiache kufika Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Uani kuna shimo, na ndani yake sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni. Kaa hapo kidogo bila simu.

Nyumba ya Tippu Tip niliiacha iwe ya mwisho. Si makumbusho, nilipofika mimi walikuwa wakikaa watu, nguo zimeanikwa roshanini. Ngazi za kuingilia ni marumaru, nyeusi na nyeupe, zimelika katikati kwa miguu. Nilipiga hodi, nikaruhusiwa, nikatoa utepe wangu wa kupimia na kuanza na mwimo wa kushoto. Mama mmoja akatoka na jiko la makaa, akaliweka juu ya marumaru, akachukua kipepeo.

"Unapima nini, kaka?"

"Mlango, mama."

"Haya, pima. Ila sogea upande huu, unanizibia upepo."

Nikasogea.