MAHINDI YENYE UKUNGU: MOTO HAUONDOI SUMU



Je, umewahi kununua mahindi ya bei nafuu, ukafika nyumbani ukakuta yananuka uvundo? Ulifanya nini? Uliyatupa, au uliyaosha ukapika?

Msimu wa mvua uliopita nilimtembelea shangazi yangu anayeishi Gatsata, Kigali. Alikuwa amenunua kilo kumi za mahindi kwa bei ya chini kwa sababu yalikuwa yamenyeshewa. Chini ya mfuko punje zilikuwa zimeshikana, nyingine zimekuwa za kijani. Nilipomwomba asiwapikie watoto, alinijibu: "Mwanangu, moto unaua kila kitu."

Wengi wetu tunaamini hivyo. Ni kweli moto huua kuvu. Lakini kuvu ikisha kuota huacha sumu ndani ya punje, nayo huitwa sumukuvu. Kuosha, kusaga au kupika hakuimalizi sumu hiyo. Kuvu za namna hii huota pia kwenye karanga, mtama, muhogo mkavu na hata zabibu.

Mwaka 2004, huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafariki. Mahindi mengi yalikuwa yamehifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu karibu 20 walifariki Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Sumu hii hushambulia ini. Dalili zake ni kutapika, maumivu ya tumbo, tumbo na miguu kuvimba, na macho kuwa ya manjano. Ukiona dalili hizi, nenda kituo cha afya mara moja. Anayekula sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kulipa, ingiza mkono hadi chini ya mfuko. Nusa. Angalia rangi.
2. Pima unyevu: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka.
3. Anika juu ya shitingi au mkeka safi, si juu ya udongo. Mvua ikija, yaingize ndani.
4. Weka mfuko juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta.
5. Chambua. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye rangi mbaya. Mfuko wote ukinuka uvundo, usile.
6. Mahindi mabovu usiwape kuku wala ng'ombe, wala usipikie pombe. Sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Najua kutupa chakula kunauma, hasa pale pesa ya mwezi imekwisha. Shangazi alikaa kimya muda mrefu, akihesabu faranga zake kichwani. Kisha akachimba shimo nyuma ya nyumba, tukayafukia yote. Jioni ile watoto walikula viazi vitamu tulivyokopa kwa jirani.

Deni la viazi hulipika. Ini la mtoto halinunuliwi sokoni.