Mtoto Mwenye Usonji Anapoogopa Kubaki Peke Yake Nyumbani

Katika nyumba nyingi za kupanga mtaani Kahawa Wendani, mzazi hupanda juu ya ghorofa kuanika nguo, huteremka kuchukua maziwa dukani, kisha hurudi kupika. Kwa familia yenye mtoto mdogo aliye na usonji, shughuli hizi ndogo huwa kazi ngumu. Mama akiingia bafuni, mtoto hugonga mlango akilia. Akienda jikoni, humfuata akiwa ameshika leso yake. Majirani husikia kilio na kusema mtoto amedekezwa. Mara nyingi hilo si deko wala utundu. Ni hofu.

Hofu hiyo hutoka wapi?

Usonji ni hali inayohusu jinsi ubongo unavyokua. Huathiri namna mtoto anavyowasiliana, anavyohusiana na watu na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Hauambukizi, na hautokani na laana wala malezi mabaya.

Kwa mtoto kama huyu, maneno "narudi sasa hivi" huenda yasiwe na maana, kwa sababu muda hauonekani. Mzazi akitoweka machoni, mtoto hajui kama ataonekana tena. Wengine huogopa sauti: honi za matatu, pampu ya maji, geti likifungwa kwa kishindo, au giza la ghafla stima ikipotea. Mtoto asiyeweza kusema "naogopa" huieleza hofu yake kwa kulia, kujipiga au kumng'ang'ania mzazi.

"Peke yake" ina maana gani?

Lengo si kumzoeza mtoto kuachwa ndani ya nyumba bila mtu mzima. Mtoto mdogo hapaswi kuachwa hivyo hata kwa dakika chache, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto dhidi ya kutelekezwa. Kumfungia mlango kwa nje ni hatari zaidi, kwani moto ukizuka hana njia ya kutoka. Baadhi ya watoto wenye usonji pia hutoka na kutembea mbali bila kuitika wanapoitwa, na Thika Road iko karibu.

Lengo ni mtoto aweze kutulia sebuleni mzazi akiwa chumba kingine, au abaki na mtu mwingine anayemwamini mzazi anapotoka.

Hatua za kumsaidia

*Tafuta chanzo.* Kwa wiki moja au mbili, andika kwenye daftari ni lini mtoto hulia, yuko wapi, na nini kilitokea kabla. Huenda ikaonekana kwamba anaogopa chumba kimoja tu, au saa ya jioni tu.

*Usitoroke.* Mzazi akinyata kutoka mtoto akitazama katuni, kilio cha siku hiyo huenda kikaepukika, lakini mtoto hujifunza kwamba mzazi anaweza kutoweka wakati wowote. Kesho yake atamng'ang'ania zaidi.

*Onyesha kwa picha.* Piga picha tatu kwa simu: mama akienda jikoni, mtoto akicheza sebuleni, mama akiwa amerudi. Mwonyeshe kwa mpangilio huo kila mara kabla ya kuondoka.

*Fanya muda uonekane au usikike.* Tumia kengele ya simu yenye mlio wa upole, au wimbo mmoja anaoupenda. Wimbo ukiisha, mzazi anarudi. Ahadi hiyo isivunjwe.

*Anza na sekunde chache.* Chagua wakati mtoto ameshiba na ametulia. Sema sentensi moja fupi, ileile kila siku: "Mama yuko jikoni, anarudi." Toka kwa sekunde 10 mlango ukiwa wazi, kisha urudi kabla hajaanza kulia na umsifu. Akizoea kwa siku kadhaa, nenda sekunde 30, kisha dakika moja, kisha urudishe mlango nusu. Akilia, rudi hatua moja nyuma. Kurudi nyuma si kushindwa.

*Mtengee kona yake.* Weka mkeka, blanketi analolipenda na vitu vichache vya kuchezea, mbali na kelele za ngazi na barabara.

*Nyumba nzima ifuate njia moja.* Baba, shosho na dada wa kazi watumie picha zilezile na maneno yaleyale. Dada mpya akija, akae na mtoto siku kadhaa mzazi akiwepo kabla ya kuachiwa.

Kumchapa, kumcheka au kumtisha kwamba ataachwa huongeza hofu.

Hofu ikija ghafla

Mtoto aliyekuwa ametulia akianza ghafla kuogopa, achunguzwe kama ana maumivu ya sikio, jino au tumbo. Akiogopa mtu fulani au chumba fulani, mzazi asipuuze. Mtoto asiyeongea hawezi kusimulia aliyotendewa. Mwenye shaka apige simu ya kusaidia watoto, nambari 116, bila malipo, au aende kwa afisa wa watoto.

Msaada unapatikana wapi?

Mzazi aanzie katika kituo cha afya cha umma kilicho karibu, au azungumze na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba za eneo lake. Kutoka hapo mtoto anaweza kuelekezwa kwa wataalamu wa usemi na wa tiba kazi. Hakuna haja ya kungoja mtoto afike umri wa shule, kwani msaada wa mapema hufaa zaidi.

Kwa masuala ya elimu, kuna vituo vya tathmini vya EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, pamoja na taasisi ya elimu maalum ya KISE iliyoko Kasarani. Mtoto anaweza pia kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kufanyiwa tathmini hospitalini.

Majirani nao wana nafasi yao. Wanaposikia kilio mlango wa pili, wabishe hodi na kuuliza kama mzazi anahitaji mtu wa kukaa na mtoto huku akienda dukani. Mtoto akimzoea jirani mmoja, mzazi amepata msaidizi, na mtoto amepata mtu mwingine wa kumwamini.