Wimbo wa mwaka 1985 ulivyorudi kileleni

Kila Ijumaa jioni Uingereza hutangaza chati mpya za nyimbo na albamu. Juni 2022, namba moja ya nyimbo ilishikwa na Kate Bush, mwanamama wa miaka 63, kwa 'Running Up That Hill', wimbo alioutoa mwaka 1985. Enzi hizo uliishia nafasi ya 3.

Walioupandisha wengi ni vijana ambao mwaka ule hawakuwa wamezaliwa. Waliusikia kwenye tamthilia ya Stranger Things, ambamo binti aitwaye Max, aliyefiwa na kaka yake wa kambo, anausikiliza tena na tena.

Zamani chati ilihesabu mauzo tu. Ukinunua santuri umehesabiwa mara moja, hata ukiipiga mpaka ikwaruzike. Tangu Julai 2014 kusikiliza mtandaoni nako kunahesabiwa, mradi wimbo upite sekunde 30. Nyimbo za zamani hupunguziwa hesabu ili zisiwabane wapya. Huu ulisamehewa, ukatoka namba 2 hadi 1.

Maana yake, mtoto anayerudia wimbo mmoja chumbani naye anaisogeza chati. Je, mzazi aogope? Kurudia wimbo peke yake si dalili ya ugonjwa. Akiacha kula, kulala au kuonana na wenzake kwa wiki mbili hivi, hapo mpeleke kwa mtaalamu. Vinginevyo, kabla ya kumwambia apunguze sauti, kaa naye muusikilize, kisha muulize unamkumbusha nini.