Wakwe wa Ng'ambo ya Mweru

Kuna wachumba waliozoeana kwa simu mwaka wa pili au wa tatu sasa, mmoja Kitwe au Mbeya, mwenzake Lubumbashi, na posa haijasogea. Wengine huwadhania uzembe. Lakini Sheria ya Familia ya Kongo, iliyotungwa 1987 na kurekebishwa 2016, inamtaka mwoaji na jamaa zake wapatane na wazazi wa binti juu ya mahari. Binti anaweza kuwa na kazi na chumba chake Lubumbashi, ila kama kwao ni Pweto, posa itapelekwa Pweto, ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, pale mto Luvua unapotoka ziwani kwenda kukutana na Lualaba.

Safari yenyewe si lelemama. Kutoka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Kasomeno, Kilwa na Lukonzolwa, na mvua zikianza Novemba dereva hakuahidi siku ya kufika. Mgeni wa kutoka Tanzania au Ukanda wa Shaba wa Zambia anaweza kuzunguka upande wa mashariki wa ziwa: Mansa, Mwense, Mwansabombwe, Nchelenge, Chiengi, kisha mpaka. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni, isiwe chini ya begi. Habari ya viza iulizwe ubalozini mapema, maana Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 na Zambia haimo. Kinachomfaa Mkenya si lazima kimfae Mzambia.

Mpaka unaovukwa hapo ni wa mwaka 1894, Waingereza walipopatana na Mfalme Leopold wa Ubelgiji kugawana nchi kati ya maziwa ya Tanganyika na Mweru. Hakuna mzee wa Pweto aliyeulizwa. Wabwile, wenyeji wa hapo, wakajikuta wana makaburi huku na mashamba kule, na Chifu Puta wao yuko Chiengi, Zambia. Ndiyo maana mgeni anayedhani amekwenda "kuona familia Kongo" huambiwa siku ya pili kwamba shangazi mkubwa yuko ng'ambo, na kwamba itambidi avuke tena kumsalimia. Avuke. Kumruka mtu kwa sababu ya muhuri wa pasipoti ni dharau ambayo haisahauliki upesi.

Mpaka huohuo uliwahi kuwaokoa watu. Mapema Desemba 2000, waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda waliutwaa mji wa Pweto kutoka kwa majeshi ya Rais Laurent Kabila wa Kongo na washirika wake. Maelfu ya raia walikimbilia Zambia, na askari walioshindwa wakakimbia nao. Wengi wa raia wakaishia kambi za Mwange, wilayani Mporokoso, na Kala, wilayani Kawambwa. Hawakukaa wiki mbili kama walivyotumaini. Watoto walizaliwa kambini, wakaanza shule kambini, wakacheza mpira na wenyeji, na kurudishwa nyumbani kwa wingi kulikuja tu katika miaka ya mwisho ya muongo ule. Kisha 2017 watu wa maeneo haya wakavuka tena, safari hii kuelekea Nchelenge, na mwaka uliofuata makazi ya Mantapala yakafunguliwa kwa ajili yao.

Mtoto aliyezaliwa Mwange 2001 leo ni mtu mzima wa kuoa au kuolewa. Ana marafiki Mporokoso, ana Kibemba kisicho na kasoro, na ana namba za simu za Zambia alizozitunza miaka yote. Nani atashangaa akichumbia huko? Mapenzi mengi ya mbali ya eneo hili hayakuanzia mtandaoni. Mtandao uliyakuta tayari. Ila kwa sababu hiyohiyo, mgeni asiwe mwepesi wa kuuliza habari za vita akiwa ukumbini kwa wakwe. Kila nyumba ina aliyepotea njiani. Wakitaka kukueleza watakueleza, na mara nyingi atakayeanza ni bibi, mkiwa jikoni mnamenya mihogo.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaponza wageni wengi: kumjua mwenye neno. Mgeni kutoka pwani hufika na kumwelekea baba mkwe, akidhani amemaliza. Kwa Wabwile, Wabemba na jirani zao wengi wa ziwani, ukoo hufuata mama, na mjomba wa binti, kaka yake mama, ndiye anayesikilizwa. Nyumba yenye asili ya Kiluba itakuwa na utaratibu mwingine, wa upande wa baba. Kwa hiyo muulize mchumba wako mapema, tena umuulize waziwazi: "Kwenu nani anapokea maneno?"

Wala usiyapeleke mwenyewe. Kwa Wabemba kuna mshenga, shibukombe, naye hutangulia na nsalamu, kitu kidogo cha kufungulia mlango, kabla mahari haijatajwa. Mkwe wa kiume kwa mila hukaa mbali na mama mkwe na hali naye chakula, mpaka siku atakapoalikwa kwa heshima na kupikiwa. Mkwe wa kike hupiga magoti akisalimia na kupiga makofi taratibu. Familia za kanisa zimepunguza mengi ya haya. Kule Luanza, ukingoni mwa ziwa hilihili, mmisionari Dan Crawford alihubiri mpaka alipofariki 1926, na makanisa ya njia yake yangalipo. Hata hivyo, mlokole na asiye mlokole wote wataangalia ulivyokaa.

Mezani kuna bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki, au chisense, dagaa wa Mweru, waliokaushwa juani. Kula. "Kula mwana, njia ni murefu," atakwambia mama wa nyumba, na kukataa mara mbili ni kumwambia kwamba chungu chake hakifai.

Nimewasikia vijana wa mjini wakisema mahari siku hizi inatumwa kwa simu, kwa nini mtu ajichoshe. Fedha inatumwa, ni kweli. Lakini simuni unaonyeshwa uso mmoja, uliooshwa na kupangwa mbele ya kamera. Pweto utaona mchumba wako anavyomjibu mama yake akiwa amechoka, anavyowasemesha wadogo zake, na kama jirani wanamsalimia kwa furaha au kwa adabu tu. Mimi ningemshauri yeyote aende kabla ya kutoa hata senti ya mahari, aende kiangazi, kati ya Mei na Oktoba.

Na mkishapatana, msiishie kwenye sherehe. Ndoa ya kimila Kongo inatakiwa iandikishwe serikalini. Jambo la uraia nalo mliulizie kabla ya mtoto wa kwanza: Zambia imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2016, lakini katiba ya Kongo inasema uraia wake hauchangamani na mwingine wowote.