Ukaazi wa wasanii wa kigeni katika wilaya za Ngara na Biharamulo

Ukaazi wa wasanii wa kigeni katika wilaya za Ngara na Biharamulo (Mkoa wa Kagera, Tanzania) ni suala la kisheria linalowahusu wanamuziki, wapiga ngoma, wachoraji na wasusi kutoka nchi jirani wanaotaka kuishi huko daima kwa kazi ya sanaa. Tanzania haitoi ukaazi wa kudumu kwa sababu ya usanii peke yake. Msanii hupitia vibali vya muda, na mwishoni anaweza kuomba uraia wa tajnisi.

== Mazingira ==
Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Barabara kutoka vituo vya mpakani vya Rusumo na Kabanga huelekea Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ambako njia za Kahama na Kigoma hugawanyika. Kihangaza, lugha ya wenyeji wengi wa Ngara, kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, hivyo mwimbaji kutoka ng'ambo huelewa na kueleweka kwa urahisi. Upande wa Rwanda, si mbali na Rusumo, hutengenezwa imigongo, yaani michoro ya samadi ya ng'ombe. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014. Hata hivyo, ujirani wa lugha na desturi si ushahidi wa uraia, wala si ruhusa ya kufanya kazi.

== Vibali ==
Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Raia wa nchi wanachama anaweza kuingia kwa matembezi ya hadi miezi 6, lakini ruhusa hiyo si ya kufanya kazi ya malipo. Kuhusu ukaazi wa kudumu, itifaki yenyewe inaiachia kila nchi sheria zake.

Msanii anayetaka kufanya kazi huhitaji:
* kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984;
* kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015;
* kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji: daraja A kwa anayejiajiri, daraja B kwa aliyeajiriwa.

== Wakimbizi ==
Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Baadaye Warundi wengi waliishi kambi ya Lukole, iliyofungwa mwaka 2008. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa. Kwa hiyo mpiga ngoma aliyealikwa harusini nje ya kambi huhitaji ruhusa kwanza.

== Uraia wa tajnisi ==
Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo. Awe na tabia njema na ajue Kiswahili au Kiingereza. Sharti moja linamgusa msanii moja kwa moja: mchango wake kwa uchumi, sayansi na ustawi wa utamaduni wa taifa. Hapo ndipo mikataba, stakabadhi za kodi, usajili wa BASATA na barua za shule alikofundisha vinapomsaidia. Mtu mzima hulazimika kuukana uraia wa awali. Waziri ndiye huamua, na halazimiki kutoa sababu.

Miaka ya kuishi bila karatasi ni hatari. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Operesheni Kimbunga ilifuata Septemba, na miongoni mwa walioondolewa walikuwemo watu waliokwisha kuishi mkoani kwa miaka mingi.

== Mfano ==
Mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye aliongoza Super Matimila, akaimba kwa Kiswahili, na kuishi Tanzania hadi alipofariki mwaka 2010.